Mwalimu Ignatio na Bonde la Mviringo

Mwalimu Ignatio huenda kanisani na nyundo mfukoni. Watoto wa Mkumbi humwita Mwalimu Mawe, naye huitika. Alizaliwa Mpepai, akafundisha jiografia hapa kwetu hadi akastaafu. Dirisha la sebule yake halifunguki kwa sababu ya mawe aliyopanga hapo, mengine ya milimani, mengine ya ufukweni Kihagara. Aliwahi kusafiri hadi Mbozi kukigusa kile kimondo kikubwa. Aliporudi, mkewe alimwuliza kikoje. "Cha baridi," akajibu. Maisha yake yote ametamani jambo moja: kupata huku kwetu shimo lililochimbwa na kimondo kabla hapajawa na watu.

Mimi simsifu mtu ovyo. Mume wangu alipofariki, ndugu zake waligawana mashamba yote ya kahawa, wakaniachia bonde moja la mviringo lenye ukingo kama wa chungu. Walisema halifai. Nikalima ngolo humo, yale mashimo yetu ya kuzuia mmomonyoko, nikavuna maharage, nikamsomesha binti yangu Lidia. Kisha shemeji yangu Zabron akamsikia mgeni mmoja sokoni Mbinga akisema bonde la namna ile lazima lilichimbwa na kimondo, na kwamba wageni hutoka mbali kuja kutazama mahali kama hapo. Kesho yake bonde likawa mali ya ukoo.

Wazee wakaamua Mwalimu achunguze. Likiwa shimo la kimondo, ukoo ulichukue. Lisipokuwa, niachiwe.

Nilikata tamaa. Unamwulizaje mwenye njaa kama harufu anayoisikia ni ya chakula?

Alikuja asubuhi na sururu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Lidia. Tuanze na ukingo. Wewe ukilima ngolo, unafanyaje?"

"Mwalimu naye! Nyasi zinalazwa miraba, nachimba katikati, udongo nautupa juu ya nyasi."

"Udongo wa chini unaishia wapi?"

"Juu."

"Kimondo nacho hulima hivyo, ila kwa pigo moja. Miamba ya chini hupinduliwa ikalala ukingoni, ya chini juu, ya juu chini. Mvua inaweza kulijaza shimo lote, lakini mpinduko ule hubaki. Na mawe yaliyopigwa hubaki na mistari inayotawanyika kutoka ncha moja, kama ufagio."

Tukachimba mpaka viganja vikachubuka. Udongo mweusi ulikuwa juu, mwekundu chini yake, mwamba uliooza chini kabisa. Akahamia ukingo wa ng'ambo, akaanza upya. Mweusi, mwekundu, mwamba. Alivunja jiwe baada ya jiwe, akayalowesha kwa mate, akayageuza juani. Niliendelea kumwokotea mengine. Niliogopa jibu, naye nadhani aliliogopa vilevile.

Jumapili baada ya misa tulikutana uani kwa Zabron. Mwalimu akapewa kiti chenye mto.

"Mwalimu," Zabron akasema, "tumeshakubaliana. Litaitwa Shimo la Ignatio."

Watu wakapiga makofi. Nilimwona mzee wa watu akifumba macho, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akasimama.

"Si shimo la kimondo. Kila tabaka limekaa mahali pake. Hakuna jiwe hata moja lenye alama ya pigo. Maji yameila ardhi kwa chini, ikadidimia polepole."

"Umelishwa maharage ya shemeji!" Zabron akafoka.

"Nimeyala, tena matamu. Mawe hayakula."

Hata wazee wakacheka. Zabron akamsogelea, akashusha sauti. "Sema tu 'labda'. Nani atajua?"

"Atakayechimba baada yangu."

Wazee wakatamka kwamba bonde ni langu. "Haya, shemeji," Zabron akasema, "baki na dimbwi lako."

"Nitabaki nalo. Na usije kunisaidia kulima."

Najua hawakuniachia kwa haki. Waliniachia kwa kuwa kwao halina thamani tena, na hilo sitawasamehe. Lakini kati ya wanaume wote waliokaa uani pale, mmoja alikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko mimi, na ndiye aliyesema kweli.

Nilimsindikiza hadi barabarani.

"Mwalimu, uliumia?"

Akaipapasa nyundo mfukoni. "Kwenye ukingo wa pili, Mama Lidia. Ule wa kwanza, bado nilikuwa najidanganya."