Jumapili Nesta Alipozima Sauti

Tunduma nzima ilijua kwamba Nesta hanyamazishiki. Askari wa mpakani walijaribu, enzi zile biashara ilipofunguliwa na yeye akiwa binti anayevusha vitenge kichwani kutoka Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wakaishia kumrudishia mzigo wake ili masikio yao yapumzike. Mumewe alijaribu, kisha akavuka mpaka kwenda kuoa mwanamke mpole, na Mungu ambariki huko aliko. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwonya kwamba banda lake la video ni mlango wa kuzimu. Akakuta mpira unaendelea, akakaa pembeni kidogo tu, akatoka filimbi ya mwisho ilipolia, tena akimlaumu refa. Sasa ajabu ya Nesta ni kwamba jambo analokumbukwa nalo mpaka leo si maneno yake. Ni ile siku aliyoizima sauti.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni kubwa aliyoinunua kwa dereva wa Kizambia, na spika mbili zilizotikisa hadi karai la Roda, jirani yake, aliyekuwa akikaanga mihogo nje. Watu waliliita kibanda umiza kama mabanda mengine yote ya aina ile, maana ukikaa humo mgongo lazima uumie, lakini walijaa.

Mwaka 2011 kikaanza kipindi kipya, Kuna Nini Huko. Mtangazaji kijana, koti refu jeusi hata juani, alizunguka nchi akichunguza mizimu, majini na nyumba zenye mauzauza. Alibeba kidude chenye taa nyekundu kilicholia pindi mzimu unapokaribia, na nyuma yake ngoma zilidunda kama za watu wanaofukuza mwizi. Sehemu ya kwanza ilichukuliwa Vwawa, katika nyumba tupu kando ya barabara kuu ambayo mlango wake ulijifungua wenyewe. Kila mkazi wa kule anaujua upepo wa mwezi wa nane. Lakini ngoma zilipodunda, hata madereva waliozoea kulala porini Kongo walipandisha miguu juu ya benchi. Nesta alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikipenda kipindi kile, tusifichane.

Ilipotangazwa kwamba sehemu ya pili imechukuliwa Itaka, yeye mwenyewe alishika chaki akaandika kwenye ubao wa mlangoni: NYUMBANI KWETU KWENYE TIVII.

Itaka ndiko alikokulia. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo bado wa kubebwa, akachukuliwa na mama yake mkubwa, Sekela, mke wa mkulima wa kahawa. Sekela alimlisha, akamsomesha kwa pesa ya maharage, na akamfundisha adabu kwa ukali. Siku moja Nesta, akiwa na uvivu wa kitoto, alimwacha mgeni apite uani bila kumpigia magoti wala makofi ya salamu, yale ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama desturi ya kwao. Sekela hakumchapa. Alimtuma akamfuate yule mgeni njiani, akapige magoti palepale kwenye vumbi.

"Na asipoitikia?" Nesta aliuliza.

"Rudia. Huenda hajasikia. Mgeni asipoitikia unarudia mpaka aitikie. Salamu haiachwi chini."

Basi siku ya sehemu ya pili banda lilifurika. Ngoma zikaanza, koti jeusi likatokea katikati ya mibuni, na mbele yake akaonekana bibi kizee peku, amesimama kando ya kaburi. Sura walikuwa wameifunika kwa ukungu, lakini hata wangeifunika kwa magunia kumi Nesta bado angeijua. Aliijua kanga. Aliujua ule mkono wa kushoto uliopinda tangu Sekela alipoanguka na ndoo ya maji.

Bibi akapiga magoti, akapiga makofi taratibu.

"Tazameni," mtangazaji alinong'ona. "Anamwita nani?"

Kidude kikalia. Bibi akapiga tena. Ngoma zikapanda. Akapiga tena, na safari hii mtangazaji akarudi nyuma akiwaambia watazamaji kwamba tangu azaliwe hajawahi kuhisi baridi kama ile.

"Mazee, bibi huyo si mchezo!" alipiga kelele Eliudi, wakala wa forodha, mteja wa benchi la nyuma na bingwa wa kelele. "Anawaita wenzake hao! Twafwa, mukwai! Tumekwisha!"

Banda likalipuka kwa vicheko na mayowe. Nesta akasimama.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Wengine walitazama miguu yao, na mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye akavuta mtoto wake upande wa pili. Nesta aliuona ule mkono unaovuta mtoto, na hasira iliyompanda pale haikushuka kwa muda mrefu.

Habari za Itaka zikaanza kufika kupitia wauza maharage. Watoto wanakimbia wakimwona Sekela. Mtu asiyejulikana amekata mibuni yake. Kisha ikaja ile iliyomkata Nesta maini: kulikuwa na msiba, Sekela akaenda na kisu chake kumenya viazi kama alivyofanya tangu ujana, na Loisi, mkuu wa wanawake wa jikoni, akamchukulia kisu mkononi, akamwambia mbele ya wote apumzike, wapishi wametosha. Kwa watu wa kwao mtu anayekataliwa jikoni msibani amekwisha kuzikwa, bado kufukiwa tu. Na kila mtu alijua vikongwe wanaonyooshewa kidole huishia wapi.

Nesta akafunga banda, akaenda Itaka. Alimkuta Sekela kizingitini anachambua maharage, viatu vyake vya plastiki vya bluu miguuni.

"Mama, kusanya vitu vyako. Twende Tunduma."

"Nikimbie nini?"

"Watakuua."

"Nikiondoka watasema kweli alikuwa mchawi, ameondoka. Mume wangu kalala pale." Akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Siondoki kwangu kwa ajili ya televisheni ambayo hata sijaiona."

Nesta akakaa chini, akaanza kuchambua naye. "Ilikuwaje lakini?"

"Walisema wanatafiti mila. Wageni, nikapiga magoti, nikasalimia. Wakanyamaza. Nikasema hawajasikia, nikarudia. Wakanyamaza tena. Yule mwenye koti akasema vua viatu, bibi, simama pale kaburini, fanya tena. Nikafanya tena. Mwanangu, mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wale watu hawakuitikia hata mmoja." Akatupa punje iliyooza. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko huo uchawi."

Nesta akaacha kuchambua. Kumbe hata yeye, aliyepigishwa magoti vumbini kwa ajili ya salamu ileile, siku ile bandani alikuwa ameona mama yake tu, salamu hakuiona. Ngoma ziliimeza. Na watu wote wa banda, ambao kila asubuhi wanawapigia wakwe zao makofi yaleyale, walikuwa wameyaogopa kana kwamba yametoka sayari nyingine.

Akainuka na kukung'uta sketi. "Jumapili alasiri wanarudia kile kipindi. Utakuja kukiona. Kisha nitakurudisha mwenyewe."

Kabla ya kuondoka alipita kwa Loisi. Alimkuta uani anaanika mahindi, mwanamke mnene, mwenye heshima zake, asiyezoea kuulizwa maswali.

"Mama Loisi, umemwondoa mama yangu jikoni."

"Si mimi, ni watu. Lisemwalo lipo, Nesta."

"Ulimwona kwenye televisheni?"

"Nilihadithiwa."

"Umesimuliwa tu, ukamnyang'anya mtu kisu! Basi kama una ujasiri wa kumfukuza mzee, uwe na ujasiri wa kumtazama. Jumapili, bandani kwangu. Walete na wenzako. Msipokuja, nitasimama mlangoni pa kanisa lenu nitangaze kwamba wanawake wa jikoni wa Itaka ni waoga, na sauti yangu mnaijua."

Waliijua. Wakaja.

Jumapili ile Nesta hakumtoza mtu kiingilio. Tangazo la bure Tunduma halihitaji chaki. Kufikia alasiri watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye karai la Roda. Loisi na wenzake watatu walikaa katikati, mikoba magotini. Ndipo Nesta akamwingiza Sekela kwa mlango wa mbele, polepole, amemshika mkono, akamkalisha benchi la kwanza. Benchi lile likabaki na mtu mmoja. Wengine wote walihama kama waliomwagiwa maji.

Nesta hakuwafokea. Alikwenda nyuma ya televisheni, akachomoa waya wa spika ya kwanza, kisha wa pili. Picha ilipotokea, akashika rimoti akashusha sauti hadi mwisho.

"Sauti!" Eliudi alilalamika nyuma. "Dada Nesta, spika zimekufa!"

"Hazijafa. Nimezizima."

"Sasa tutaelewaje?"

"Mwenye macho haambiwi tazama. Wewe tazama, na anayetaka ngoma akapige kwao."

Kikapita kipindi bila kunong'onezwa, bila kudundiwa. Koti jeusi lilitembea kati ya mibuni likitoa jasho. Mdomo wa mtangazaji ulifunguka na kufungika kama wa samaki. Mtu mmoja akacheka, na safari hii si kwa hofu. Kisha akaonekana bibi, peku, kando ya kaburi.

"Viatu vyangu wameviweka wapi pale?" Sekela aliuliza kwa sauti, akiinama kutafuta kwenye kioo. "Ahaa, vile. Nyuma ya mguu wa yule mwenye koti."

Watu wakanyoosha shingo. Vilikuwepo kweli, viatu vya bluu, ukingoni mwa picha, na vilevile vilikuwa pale miguuni mwake, mbele ya benchi la kwanza.

Bibi wa kwenye kioo akapiga magoti, akapiga makofi. Koti jeusi likamtazama. Akapiga tena, kichwa ameinamisha, akingoja. Koti likageuka kuitazama kamera. Akapiga tena.

"Jamani," Roda alisema kutoka mlangoni, mwiko wa kukaangia mkononi. "Si anasalimia huyu?"

Macho yote yalibaki kwenye kioo.

"Anasalimia wageni," Roda alirudia, sasa kwa hasira. "Na hao wajinga hawamwitikii!"

Minong'ono ikapita bandani benchi kwa benchi. Eliudi alivua kofia yake, akaikunja. Katikati, wanawake wa Itaka hawakunong'ona. Loisi alikuwa akitazama kioo kwa macho makavu, mikono miwili imeubana mkoba.

Hapo Sekela akasimama. Nesta alimpa mkono, akaukataa. Akageuka, akaipa televisheni kisogo, akawatazama watu wale wote waliomhama. Akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili, kwenye sakafu ya udongo. Akapiga makofi.

Nje lori lilipiga honi mpakani.

Nesta alikuwa na maneno ya kutosha kuwachoma wote mmoja mmoja, na ulimi ulikuwa unamwasha. Akaung'ata. Salamu ile haikuwa yake.

Sekela akangoja. Kisha, kama mtu anayedhani hakusikika, akarudia.

Loisi akasimama. Wengi walidhani anatoka, hata watu wa pembeni wakavuta miguu kumpisha. Akaweka mkoba juu ya benchi. Akapita kati ya magoti ya watu mpaka mbele, na kwa unene wake ule akashuka chini kwa shida, akishikilia benchi, mpaka nyuso zao mbili zikawa sawa. Akakunja viganja, akaitikia.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani. Nilichelewa kusikia."

"Marahaba," Sekela alisema. "Kisu changu unacho?"

"Ninacho. Nilikiweka."

Nyuma yao Roda akaweka mwiko chini akapiga makofi. Wakafuata wanawake wa Itaka, akafuata Eliudi, wakafuata madereva wa Kizambia ambao kwao salamu ni hiyohiyo. Si wote. Mwanamke yule aliyevuta mtoto wake alitoka, na wengine kadhaa nyuma yake, na Nesta aliwahesabu kwa macho akawaacha waende zao. Waliobaki waliitikia mpaka mabati yakaanza kulia.

Mtu mmoja, aliyekuja amechelewa na asijue kulikoni, akachungulia mlangoni akaona midomo inacheza kwenye kioo.

"Mwenye banda, vipi, mbona umezima sauti?"

Nesta alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na rimoti bado ameishika.

"Sauti ndiyo hiyo unayoisikia," alisema. "Ingia uitikie, au nenda zako."