Usingizi ya Mama Béa, muzalishaji wetu wa Kapata

Kichwa yangu inakataa. Tulishamuzika Mama Béa, nilitupa udongo na mukono yangu mwenyewe, lakini kila asubui nikisikia taxi-moto, pikipiki ya kubeba bantu, inapunguza mwendo mu avenue yetu, natoka kuangalia kama ni yeye anatoka ku kazi.

Ni moto tu inapita.

Kwa benye hamumujue: alikuwa muzalishaji ku maternité, kule banamuke banazalia, na jirani yangu hapa Kapata, nyumba na nyumba, tangu batoto yetu balikuwa banatambaa. Kama uko na mutoto mudogo mu cité yetu, pengine mukono ya kwanza yenye ilimushika ni ya Mama Béa.

Njo yeye alimupendesha binti yangu Nadège ile kazi. Leo Nadège naye ni muzalishaji, mu salle ile ile. Siku alivaa blouse ya kazi nilicheza mu lupango, mbele ya nyumba! Sasa nikiiona ku kamba, naigeuzia mugongo.

Ku maternité yabo iko sheria moja, haikuandikwa fasi yoyote: hutoke mpaka mwenye kukupokea afike. Huwezi kuacha banamuke na buchungu peke yabo. Ni sheria ya muzuri. Lakini mwenye kukupokea akiwa mugonjwa, ao akichoka na kuacha kazi, weye unabakia. Garde, ile zamu, ya usiku inaungana na muchana, muchana inaungana na usiku. Na kila mara mwenye kubakia ni Mama Béa.

"Mama Nadège, nitoke namna gani? Mutoto yuko anatoka, nimuambie angoye chef?"

Na anacheka. Eh, ile kicheko! Benye kuuzisha makala ya kupikia ku barabara balikuwa banaisikia.

Siku moja alipita kwangu kula. Nikamuwekea bukari na majani ya sombe. Akakata tonge, akaipeleka karibu na kinywa, akalala. Tonge mu mukono! Nadège akacheka mpaka machozi. Nikaitosha pole pole, nikamufunika na shuka.

Juu ya ule usingizi njo alianza mambo ya kikwembe, kitambaa yetu ya kujifunga. Akitoka garde, anapanda nyuma ya motari, mwenye kuendesha moto, anatosha kikwembe mu sac, anajifunga naye kiuno kwa kiuno, sawa mama anafunga mutoto ku mugongo. Juu asianguke akisinzia. Bamotari ba huku balimuzoea, balikuwa banamugombania:

"Mama Béa, kuya kwangu, leo mi njo nakubeba ku mugongo!"

"Weye? Uko mifupa tu, sitalala muzuri!"

Kisha kicheko ikapungua. Akawa anarudi, anaweka miguu mu bassin ya maji ya chumvi. Siku ingine alikaa ku mulango yangu na blouse bado ku mwili, akalia. Alimufokea mwanamuke mwenye alikuwa anazaa. Alimuambia neno ya mubaya, mwanamuke akanyamaza na buchungu yake.

"Yaya, dada yangu, niko nageuka muntu mubaya."

"Hapana. Uko muchovu. Enda ulale."

"Uchovu ya mwili, nikilala inaisha. Hii nikiamuka naikuta inaningoya ku kitanda."

Nilimupa chai.

Ile asubui ya mwisho hakupata motari wa huku. Alipanda mumoja wa upande wa Manika, habakujuana. Ule motari alikuya yeye mwenyewe ku kilio, akakaa chini, inje ya bâche, hema ya matanga, akatuambia. "Mama alitosha kikwembe. Nikasema hapana mama, bantu batatucheka, mi niko na bibi ku nyumba. Akasema sawa, basi twende." Ku barabara ya makamyo ya mugodi alisikia uzito imemulalia ku mugongo. Kisha akasikia uzito hakuna.

Hakuna mwenye alimufokea. Bwana ya Mama Béa alimuletea kiti.

Tulikuwa tungali ku kilio, simu ya Nadège ikalia. Hakuna mwenye kushika garde ya Mama Béa. Nikamushika mukono: "Mwana, ata leo?" Akasema, "Mama, iko banamuke na buchungu." Akapanguza macho, akaenda. Ningefanya nini?

Tulienda na bamama ba avenue kumuona directeur. Tuliomba bintu bidogo. Aongeze muntu. Atie kitanda mu chumba kimoja, mwenye kumaliza garde alale kwanza mbele ya kupanda moto. Na siku ya kupumuzika, simu isiite. Alitusikiliza na heshima. Akasema, "Bamama, mi natafuta bantu tangu zamani. Banafika, banaona kazi, banarudia." Macho yake mekundu, naye hakulala. Tukasema aksanti, tukatoka.

Sasa naandika hapa juu sijui fasi ingine ya kusemea. Kama unajua muntu mukubwa, umusomee. Mi naogopa, bandugu. Nadège ameanza kunyamaza. Jana alirudi, akakaa na biatu ku miguu, akaangalia ukuta. Nikamuomba aache kazi. Akaniangalia tu, sawa nimesema kitoto.

Leo ni siku yake ya kupumuzika. Yuko analala. Nilibeba simu yake nikaificha mu nguo zangu, na toka nianze kuandika hii imelia, ikanyamaza, imelia tena. Ni maternité. Mahali fulani kule iko mutoto wa mama mwingine anapiga kelele ya buchungu, na wangu yuko hapa, anakoroma kidogo, kinywa wazi, sawa alikuwa mudogo.

Mama Béa, ndugu yangu, weye ungeamuka, najua. Lakini leo si weye banaita. Ata bakikuita kule, usiitike, bamalaika bajizalishie benyewe. Lala salama, mama. Lala mpaka ushibe.

Mi naenda kumuamusha mutoto wangu.