Dakika Ishirini za Kuchemsha Bomba

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa bomba moja la kioo, sindano tatu, na foleni ya wachimbaji waliotaka kuchomwa. Bwana Mganga, mkuu wa zahanati yetu kule machimbo ya Geita, alinionyesha kazi: ukimaliza mmoja, futa sindano kwa pamba yenye spiriti, ita mwingine.

“Hatuchemshi?” nikauliza. Shuleni tulifundishwa kuchemsha dakika ishirini.

“Ukimchemshia kila mtu, binti, wa mwisho atachomwa na wajukuu zako.”

Foleni ikacheka. Nami, mjinga, nikacheka.

Enzi hizo ukimpa mtu vidonge anaona umemnyima dawa. Buba, vile vidonda vya ngozi, sindano. Mgongo, sindano. Miezi miwili mitatu ikipita, baadhi walirudi macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, wameshika ubavu wa kulia. Ini limevimba. Bwana Mganga alisema pombe. Nyumbani walisema wamelogwa. Sindano nani aikumbuke, na buba ilishapona?

Nilishaolewa na kuzaa pacha nilipofungua daftari la wagonjwa. Wanne wenye manjano walichomwa siku moja, wakifuatana. Ugonjwa ulipita katika damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, na spiriti haikuuzuia. Nikampelekea Bwana Mganga daftari.

“Mama Kulwa, umeajiriwa kuuguza au kupeleleza?”

Nikarudi kwenye foleni, nikaendelea kufuta sindano.

Kisha wanangu wakapata kichomi. Hapo sikumwuliza mtu. Niliwasha jiko, nikachemsha bomba na sindano, nikamchoma Kulwa; nikachemsha tena, nikamchoma Doto. Halafu nikachukua pamba, nikaita anayefuata. Mama mmoja wa Kisukuma, mtoto mgongoni, hakusogea.

“Wa kwako umewachemshia,” akasema taratibu. “Wangu unamfutia?”

Nikarudisha sufuria motoni. Bwana Mganga akatoka ofisini, akaona foleni imefika barabarani.

“Zima jiko, au vua hilo gauni la kazi.”

Nilisubiri dakika zikatimia, nikamchoma yule mtoto, nikavua gauni.

Ndivyo nilivyostaafu, sina hata mvi moja. Binti unayeanza kazi, washa jiko kabla hujafungua mlango, na foleni ingoje. Na nyumbani, wembe wa chale usipite kwa watu wawili. Bwana Mganga namkasirikia mpaka leo. Lakini mimi zile dakika ishirini nilizijua tangu siku ya kwanza, nikawawekea wanangu tu.