Nilivyokwenda Shanzu Kufundishwa Kumkabidhi Mgonjwa

Leseni yangu ya udaktari ilikuwa inakaribia kukata roho, na dawa yake ni moja tu: alama za mafunzo. Alama hizo hazipatikani wodini. Unaweza kuzalisha akina mama wa Likoni mwaka mzima, ukashona, ukakesha, ukamtolea mtu damu yako mwenyewe, usipate hata nusu alama. Zinapatikana hotelini, penye kiyoyozi na sambusa, nawe umeketi. Ndiyo sheria, na mimi si mtu wa kubishana na sheria mwisho wa mwaka.

Basi tangazo likaingia kwenye simu: mafunzo endelevu kwa madaktari, siku moja, hoteli ya ufukweni Shanzu. Mada ilikuwa namna ya kumkabidhi mgonjwa kwa usalama, yaani daktari anayeondoka amwachieje mwenzake wagonjwa bila mtu kufa hapo katikati. Mdhamini alikuwa kampuni moja ya dawa ambayo sitaitaja, maana kalamu waliyonipa bado inaandika.

Kilichobaki ni mtu wa kunishikia zamu. Kwetu jambo hili halina uzito. Madaktari wa hospitali ndogo ndogo za Likoni, Changamwe na Kisauni tuna kundi letu la simu. Unaandika, "Nishikieni Ijumaa," mwenzako anakutumia picha ya kidole gumba kilichosimama, mambo yamekwisha. Hakuna anayeuliza unakwenda wapi wala unaacha wagonjwa gani. Kuuliza ni kukosa adabu, kana kwamba humwamini. Kidole changu kilitoka kwa Mwakio wa Changamwe, mtu mwema, mpasuaji mwenye mkono mwepesi, ambaye tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe hufika Likoni bila kuisubiri feri. Mimi nami huwagawia wenzangu vidole bila choyo. Wiki ile nilikuwa nimegawa kimoja au viwili, kwa nani sikumbuki.

Jioni ya Alhamisi nilipita wodini kuaga. Kulikuwa na mgonjwa mmoja wa kuninyima usingizi, Dama, muuza mihogo wa karibu na stendi, aliyeingoja mimba yake ya kwanza mpaka majirani wakachoka kumsengenya. Mimba ilikuwa mwezi wa nane na presha ilikuwa inapanda na kushuka ipendavyo. Ikipanda ikakataa kushuka, ingebidi apasuliwe mara moja, la sivyo kifafa cha mimba kimchukue yeye na mtoto. Nikamwambia kesho sitakuwapo mchana, ila yupo daktari mwingine akihitajika.

"Mimi namjua?" akauliza.

"Humjui, lakini ni hodari."

"Na yeye, yuanijua?"

Nikacheka, nikampigapiga mkono, nikamwambia apumzike.

Alfajiri ya Ijumaa nilivuka feri kuingia kisiwani pamoja na wafanyakazi wa mjini, wote wamekunja nyuso kama watu waliokosewa na jua. Nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio ambavyo wodini haviingii. Nikatoka kisiwani kwa daraja la Nyali, nikapita Kisauni wakati maduka yanafunguliwa, na ilipofika saa mbili nilikuwa Shanzu, mbele ya lango lenye maua mengi kuliko hospitali yetu ilivyo na vitanda.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Mhudumu wa ukumbi, Bwana Athmani, mtu wa makamo mwenye kanzu fupi ya kazi na sauti ya taratibu, alikuwa mlangoni na vitu viwili: mashine ya kusoma alama za vidole na kikapu kikubwa cha ukindu.

"Karibu, mama. Weka kidole hapa, na simu yako humu."

"Simu ya nini?"

"Ndiyo amri niliyopewa. Yasemekana nyinyi wakubwa mara iliyopita mlitia kidole asubuhi, mkaenda zenu kuogelea. Sasa ni kidole asubuhi na kidole jioni, na simu hurudi saa ya chai. Asiyetia cha jioni hana alama."

Nilimsifu kwa utaratibu huo. Kweli, mtu aliyesoma miaka yote ile ili akabidhiwe roho za watu, ataachiwaje simu yake mwenyewe? Nikaitia kikapuni juu ya za wenzangu, nikaingia.

Ukumbini palikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Profesa kutoka Nairobi alikuwa amekwisha kuwasha picha zake ukutani, na ya kwanza ilionyesha wanariadha wakipokezana kijiti. Alitueleza kwamba mgonjwa ni kijiti. Tukaandika. Alitueleza kwamba kijiti huanguka pale mmoja anapokiachia kabla mwenzake hajakishika. Tukaandika hilo nalo, kwa kalamu za kampuni. Akataja maswali ambayo anayepokea lazima ayaulize: mgonjwa ni nani, ana nini, unaogopa nini juu yake, na nikikwama nimpigie nani. Daktari mmoja mzee wa mbele akapiga makofi. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kwa uchungu nikiwafikiria madaktari wasiojua mambo haya.

Kabla ya chai mlango ulifunguka kidogo, Bwana Athmani akachungulia. Nilikuwa kiti cha nyuma, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Samahani, mama. Kuna simu zatetemeka kikapuni. Yaanza moja yenye kifuniko chekundu, ikinyamaza yafuata nyeusi, kisha ile ya maua. Halafu yarudi nyekundu. Nimezifunika kwa kitambaa cha meza lakini wallahi hazikomi."

Nyekundu ilikuwa yangu.

Nilitoka. Juu ya kioo lilikuwa limejaa jina moja, la Sista Kanze, muuguzi mkuu wa wodi yangu. Nilipokuwa nalishangaa, ile nyeusi ikatetemeka, na jina lililotokea juu yake lilikuwa hilo hilo. Nikageuka kumtafuta mwenye simu nyeusi, akawa anakuja kwangu amebeba sambusa, maana chai ilikuwa imefunguliwa. Alikuwa Mwakio.

"Dada Riziki. Kumbe nawe upo?"

"Mwakio, si wewe unayenishikia Likoni?"

Sambusa ikabaki hewani. "Nilikushikia, ndiyo. Halafu hii nafasi ikapatikana jana, nami alama zangu hali mbaya. Nikamwachia Wambui wote, wako na wangu, naye akanitumia kidole. Wambui ni mtu wa kutegemewa."

Wambui alikuwa nyuma yake, daktari wa Kisauni, binti wa bara aliyehamia Pwani na bado hajakubaliana na joto. Alikuwa akiitafuta simu yenye maua.

"Zii, hapana, msiniangalie hivyo," akasema. "Kidole nilituma bila kusoma ni siku gani. Mimi nilijua niko huku tangu Jumatatu. Niliandika kwa grupu, na kuna mtu alinitumia kidole." Akafungua simu, akaitazama, akanitazama. "Ni wewe, Daktari Riziki."

Tulisimama pale watatu tukizunguka kikapu. Likoni ilikuwa imeachiwa Changamwe, Changamwe ikaachiwa Kisauni, na Kisauni ikaachiwa Likoni. Si kwamba tulikuwa wazembe. Kila mmoja wetu alikuwa amekabidhi kikamilifu. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, ila hapa ndugu wote walikuwa hai na wameshiba sambusa, na anayekufa ni mtu mwingine.

Nikampigia Kanze.

"Daktari, u wapi wewe?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Dama presha imepanda tangu saa tatu. Kichwa chamuuma, aona vimulimuli. Nimemtia sindano ya kuzuia kifafa. Nimekupigia wewe, nikampigia Mwakio, hospitalini kwake wakaniambia yuko Wambui, naye hashiki simu. Nyinyi wote mwafanya nini?"

Nikamwambia tuko mafunzoni.

"Mafunzo ya nini?"

Niliuliza habari ya kumvusha Dama hospitali kubwa. Gari letu la wagonjwa lilikuwa gereji, na kumtia mama kama yule kwenye teksi, asubiri feri kifafa kikimnyemelea, ilikuwa kumtoa kafara. Lazima apasuliwe pale pale, na mpasuaji alikuwa Shanzu.

Nikaokota mkoba. Bwana Athmani akanionyesha ile mashine.

"Mama, kidole cha jioni hakijafunguliwa. Ukitoka sasa, cha asubuhi hakihesabiwi."

"Najua."

"Basi Mungu akutangulie." Akanifungulia mlango kwa mikono miwili.

Mwakio alikuwa ameweka sambusa chini na kutoa ufunguo wa gari. Wambui akasema yeye atarudi Kisauni moja kwa moja, kwake nako hakuna mtu, na Changamwe wakikwama wampigie yeye. Profesa alikuwa anawaita watu warudi ndani, sehemu ya pili inaanza: mifano hai.

Njia ya kurudi Mwakio aliichagua yeye. Feri aliikataa, akasema foleni ya magari saa ile ni ya kuzeekea. Tukarudi Kisauni, tukavuka daraja, tukakipita kisiwa kwa pembeni tukashuka Changamwe, tukitafuta Dongo Kundu. Kipevu tukakwama. Malori ya makontena yalikuwa yamejipanga mbele na nyuma, madereva wameshuka wanapiga gumzo kivulini. Niliogopa. Nilimwona Dama akilini amelala peke yake akingoja daktari hodari niliyemwahidi, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Hapo Mwakio akazima redio.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mgonjwa. Niliyekuwa namshikia."

Nikamwambia anaitwa Dama. Akauliza umri wake, mimba ya ngapi, presha ilikuwa ngapi jana, damu yake ni kundi gani, na nini hasa kilikuwa kinanitia hofu. Nikamweleza yote, pamoja na majirani. Kwa hiyo makabidhiano yalifanyika, ya kufuata kitabu kabisa, kati ya malori mawili, wakati mpokeaji na mtoaji wote wako mbali na mgonjwa. Profesa angetupa makofi.

Malori yalipoachana, Mwakio aliendesha ile barabara mpya kama mtu anayedaiwa, juu ya madaraja, maji ya mkono wa bahari pande zote mbili. Sikuyatazama. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imelia tulipoingia lango la hospitali yetu, mimi nimeshika viatu vya mchuchumio mkononi.

Kanze alikuwa amekwisha andaa chumba cha upasuaji. Dama alikuwa ameshikwa na kifafa mara moja, kikamwachia. Alikuwa amelala, ameuma ulimi, hajui tumefika. Tulimpasua, mimi na Mwakio. Mtoto alitoka mdogo, wa buluu, amenyamaza. Kanze akamsugua mgongo, akamsugua tena. Mara ya tatu mtoto akatoa sauti, nyembamba, ya kulalamika. Ana haki ya kulalamika. Nilishona nikilia ndani ya barakoa, na Mwakio akajifanya anaitazama taa.

Siku iliyofuata waandaaji waliniletea ujumbe. Walinishukuru kwa kuhudhuria. Walisikitika kwamba hawawezi kunipa alama za somo la kumkabidhi mgonjwa, kwa kuwa niliondoka kabla ya kumaliza na sikutoa sababu kwa maandishi. Mafunzo mengine yako Kisumu, mada ni hiyo hiyo. Wambui na Mwakio nao walikosa. Sifahamu nani alipata, lakini naamini wagonjwa wao waliachwa mikono salama.

Nilichojifunza ni kidogo, na sikukisoma ukutani. Kidole gumba hakimshiki mgonjwa. Sasa anayetaka nimshikie hunipeleka kitanda kwa kitanda, nami humpeleka wangu vivyo hivyo, na wote wawili tunaonekana washamba. Kundi la simu lipo bado. Hutumika kwa rambirambi na harusi.

Kwa hiyo juma lililofuata, kabla sijakata tikiti ya Kisumu, nilimleta Mwakio wodini kwa miguu yake. Dama alikuwa ameketi, mtoto kifuani ndani ya leso, uso bado umevimba.

"Dama, huyu ndiye yule daktari niliyekuambia."

Akamtazama Mwakio toka juu hadi chini. "Sasa yuanijua?"

"Nakujua, mama," Mwakio akasema, macho yake sakafuni.

"Na nyie siku ile mlikuwa mwasomea nini huko?"

Hapakuwa na pa kujificha. Nikamwambia tulikuwa tunasomea namna ya kumwachia mwenzako mgonjwa, ila sikumaliza, niliondoka katikati, na sasa nakwenda Kisumu kumalizia.

Dama alimfunika mtoto miguu.

"Hilo lililobaki, daktari," akasema, "liache."