Mchumba Wangu Alinilazimisha Kula Nyama ya Pilipili Mbele ya Mama Yake, na Ndoa Imeshatangazwa Kanisani

Habari zenu ndugu zangu. Admin naomba unifichie jina, maana mawifi zangu watarajiwa wapo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni dada wa miaka 29, kwetu ni kijijini Kilema, ila naishi Moshi mjini ambako nina fremu yangu ya kushona nguo. Mchumba wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya utalii. Hanywi pombe, hajawahi kuninyanyulia mkono, na nyumbani wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Mahari imeshatolewa, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, imenywewa, na tangazo letu la ndoa limesomwa kanisani Jumapili mbili. Imebaki moja.

Jambo lenyewe mtaliona dogo. Hata mimi nimejaribu kuliona dogo, nimeshindwa.

Jumamosi moja mchana alitualika mgahawa wa Kichina hapa mjini: mimi, mama yake aliyeshuka kutoka Tarakea, na rafiki yake atakayemsimamia siku ya harusi. Yeye chakula hicho amekizoea kwa sababu ya wageni anaowatembeza. Mimi nina vidonda vya tumbo, na anajua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mwaka jana nilipotapika damu ni yeye aliyenikimbiza hospitali. Kwa hiyo nikaagiza wali wa mayai na mboga za majani. Mhudumu alipogeuka kuondoka, mchumba wangu akamwita arudi. Akamwambia afute ule wali, niletewe nyama ya ng'ombe ya Sichuan kama yake, na pilipili isipunguzwe. Nikacheka nikidhani ni utani. Yule dada akasita, akaniuliza mimi kama nina uhakika, maana nyama hiyo ni kali na kuna wateja huwa wanairudisha jikoni. Kabla sijafungua mdomo, mchumba wangu akajibu, "Atakula ninachokula mimi."

Chakula kikaja. Vipande vyembamba vya nyama vimekaangwa na pilipili kavu nyingi mpaka nyama yenyewe unaitafuta, na vile vimbegu vyao vinavyotia ganzi. Nikamnong'oneza kwamba anajua hali ya tumbo langu. Akanijibu bila kupunguza sauti kwamba vidonda vyangu viko kichwani, na mke wa mtu hachagui chagui chakula mbele za watu. Rafiki yake akacheka. Nikala. Midomo ikafa ganzi, machozi yakatoka, pua ikachuruzika, na yeye anaongea habari za ukumbi na mapambo huku jicho liko kwenye sahani yangu. Kila nikiweka uma chini, ananyamaza. Anasubiri. Nikiuchukua, anaendelea kuongea.

Kuna wakati mama yake akanyoosha mkono, akaanza kuhamishia nyama yangu kwenye sahani yake taratibu, kama mtu anayeonja tu. Mwanaye akamwambia, "Mama, mwache amalize." Hakupandisha sauti hata kidogo. Yule mama, ambaye ukoo mzima unamheshimu, akaurudisha mkono mapajani haraka kama mtoto aliyekatazwa. Hapo ndipo nilipoogopa, ndugu zangu. Pilipili ningeivumilia, ila ule mkono ulivyorudi bado nauona.

Nilimaliza. Nikaenda kunawa uso, mama akanifuata. Akanifungulia bomba, akanishika mgongoni, akasema, "Marehemu baba yake alianza hivi hivi. Mara chakula, mara nguo, baadaye nani nimsalimie na nani nisimsalimie. Mimi ni mama yake, siwezi kukuambia umwache. Lakini sitakuambia uolewe." Akajifuta macho, tukarudi mezani tunatabasamu wote wawili.

Tulipobaki wawili kwenye gari nikamuuliza kwa nini amenifanyia vile. Alikuwa na furaha kabisa. "Nilitaka waone kwamba ukiambiwa unasikia," akasema. "Leo umenipa heshima."

Jioni tumbo likanikamata vibaya, nikalazwa, nikawekewa dripu. Alikuja na mtori laini wa ndizi kwenye chupa, akakaa pembeni ya kitanda akanilisha kwa kijiko, akalia, akaniomba msamaha mbele ya manesi. Wagonjwa wenzangu wakaniambia nimepata mume. Manesi walipoondoka akaniinamia sikioni, akasema nikiulizwa niseme niliagiza mwenyewe. Na daktari alipokuja kuuliza nilikula nini, nikamwambia niliagiza mwenyewe. Neno lilinitoka kirahisi mpaka nikajishangaa.

Nimemweleza mama yangu mzazi. Amesema watu wanaachana kwa kupigwa, wanaachana kwa sababu ya michepuko. "Wewe utamwambia padri umeacha ndoa kwa ajili ya nyama?" Baba sijathubutu kumwambia, maana ameshaanza kupaka nyumba rangi kwa ajili ya wageni. Mama mkwe nikimpigia hapokei. Na yeye mchumba wangu ananipigia kila asubuhi, mpole, ananiuliza nimeamkaje, tumbo linaendeleaje, na mimi moyo unayeyuka, kwa sababu nampenda, siwezi kuwadanganya.

Jumapili hii linasomwa tangazo la tatu, na padri atauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi. Nyie mlioolewa, hasa mama zangu na dada zangu mliokaa ndani ya ndoa miaka mingi, naomba msinitukane. Je, mwanaume anabadilika akishapata nyumba yake na watoto, au ndiyo kwanza inaanza? Nikisimama nikasema sitaki, niseme sababu gani ambayo watu wataielewa? Nishaurini kabla ya Jumapili, nifanye nini?