Mkeka Hunywa, Turubai Halinywi

Niliondoka kwangu Waberi kwa sababu ya mkeka. Mjukuu wa dada yangu Habiba alikuwa anaolewa Ijumaa, huko malishoni upande wa Hulugho, na kwetu bibi harusi haingii katika nyumba ya mikeka ambayo wanawake wa ukoo wake hawakuifuma. Fungu langu lilikuwa mkeka wa ndani, ule unaotundikwa nyuma ya kitanda. Uzi wake ni gome la mgunga, na gome hilo hulainishwa kwa kutafunwa. Nililitafuna miezi mitano kwa meno niliyobaki nayo. Kisha nikafuma ndani yake vipande vya kitambaa chekundu. Kitambaa kilikuwa cha bei rahisi, kikiloa kinatoa rangi. Nilijua hivyo, ndiyo maana nikasema nitaupeleka mwenyewe, usipitie mikononi mwa mtu asiyejali.

Jumanne alfajiri, baada ya swala, nilipanda lori la mzigo pamoja na Mwende, mke wa mwanangu. Ni Mkamba wa Kitui, mwalimu, aliyesilimu akaolewa, na sasa ana miaka minne nyumbani kwangu. Alikuwa amenunua turubai jepesi ambalo likikunjwa linaingia kwenye begi la mgongoni na kamba zake zote. Nikamwambia hiyo si nyumba, ni shuka. Akasema, "Litatosha, Mama." Yeye hajibizani. Jambo hilo huniudhi.

Tulilala Masalani. Jumatano asubuhi, mbele ya Ijara, lori likazama katika tope jeusi. Dereva akashuka, akalitazama gurudumu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ayeeyo, bibi yangu, hapa tutakula Ijumaa yetu," akasema.

"Utaila wewe," nikamwambia. "Mimi nina harusi."

Mwende akaufunga mkeka mgongoni kwa leso, mimi nikachukua begi la turubai, maji na tende, tukashika njia ya ng'ombe. Nchi ile ilikuwa imeota majani mapya, nami sikuwa nimeiona hivyo tangu nikiwa msichana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi. Mara ngamia wanatokea bila miguu, shingo na nundu tu zinaelea, kengele zao za mbao zinasikika, kisha hawapo. Nilitembea kama mtu aliyelala. Zaidi ya mara moja nilitaka kumwita mama yangu nimwambie kitu, na mama yangu amekufa zamani.

Alasiri mvua ilitoka mashariki ikija kwa miguu. Twiga watatu walisimama ndani yake bila kujificha, wakafifia mmoja mmoja. Nikachagua mahali. Palikuwa pameinuka, mbali na laga, maana mkondo mkavu ukiletewa maji ya mbali haubishi hodi. Mgongo wa turubai nikaupa upepo. Hayo niliyafanya vizuri, na niseme.

Mwende akashika kamba. "Mama, hii imelegea. Tuivute?"

"Wewe umezaliwa katika nyumba ya matofali," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa chini ya mikeka. Nyumba ya mvua haivutwi, inaachwa ipumue. Acha."

Akaacha.

Nieleze nilichokuwa nafikiri. Mkeka wetu ukiloa, nyuzi zinavimba na matundu yanajifunga yenyewe. Ukiukaza sana unapasuka. Kwa hiyo kwetu mkeka hulegezwa. Nilifanya hivyo tangu utotoni, na mikono yangu haikuniuliza kama hiki kilikuwa kitu kingine.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Mvua ilipiga juu yetu kama wanawake mia wanaotafuna gome, nami nikasinzia nimeukumbatia mkeka. Nilimwona mama yangu ameketi katikati yao, shavu limejaa uzi. Nilipofumbua macho, turubai lilikuwa limefanya tumbo, kama mbuzi mwenye mimba ya mapacha, na tumbo lile lilikaribia kugusa paji la uso wangu.

"Mama, usi—" akasema Mwende.

Nilikuwa nimekwisha kulisukuma kwa mkono. Maji yote yakakimbilia ukingoni, yakamwagika ndani, juu ya mkeka. Wakati huohuo kamba nayo ilikuwa inaleta maji yake, tone kwa tone, hadi shingoni mwangu. Tulipoukunjua mkeka, pembe moja ilikuwa imetoa rangi. Doa la ukubwa wa kiganja, jekundu, katikati ya weupe.

Mwende alivua shali yake akaifunga pembe ile ili rangi isiendelee kutembea.

Mvua ilipokatika tukaendelea, na jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwa mwanamke anayeitwa Dahabo, mfugaji, ambaye hatukumjua. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia kabla ya kutuuliza majina. Nyumba yake nusu ni mikeka, nusu turubai. Nikaitazama. Upande wa mikeka umelegea, upande wa turubai umekazwa kama ngozi ya ngoma.

"Mkeka hunywa, abaayo, dada yangu," akaniambia. "Turubai halinywi. Ukilipa bonde, maji yatakaa hapo kama mgeni asiye na kwao."

Asubuhi ya Alhamisi alitoka na sisi, akalisimamisha turubai letu. Ukingo wa upande wa upepo aliushusha hadi karibu na ardhi. Akavuta kila pembe mpaka mikunjo ikaisha. Kisha akafunga kipande cha kitambaa kwenye kila kamba, shubiri moja kabla ya kufika kwenye turubai. Maji yanayotembea juu ya kamba yakifika pale yanadondoka chini.

"Na huyu mkaza mwanao," akasema, akimwonyesha Mwende kwa kidevu, "hakukwambia uvute?"

"Aliniambia."

Dahabo akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ile yote nilitembea nikitunga maneno. Nitasema ni lori. Nitasema ni mvua ya Mungu, nani atabishana nayo? Ukungu ulikuwa mzito, na ndani ya ukungu kila uongo ulionekana mzuri.

Tulifika kabla ya machweo. Habiba alinibusu mkono, nami wake. Wanawake wakaukunjua mkeka juu ya nyasi, wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikakatika. Doa lilikuwa pale. Binamu yangu mmoja akasema kwa Kisomali, "Mkono wa mgeni huo. Nani alimpa mgeni kubeba kitu cha harusi?"

Alidhani Mwende haelewi. Miaka minne! Nilimwona akiinamisha macho, akitazama vidole vyake. Angekaa kimya hadi siku ya kufa kwake, na kila harusi ya ukoo wangu mtu angesema: ni yule Mkamba.

"Mkono ni wangu," nikasema kwa sauti. "Yeye aliniambia nivute kamba, nikamtukana. Nililegeza turubai kama mkeka, likanimwagia. Mwenye neno aniambie mimi."

Kisha Habiba akasema, "Sasa nimekumbuka. Tulipokuwa wasichana, punda wetu alikuwa anapotea kila wiki. Nani alikuwa anamfunga?"

Wakacheka wote, na binamu yangu akaenda kumletea Mwende maji ya kunawa. Mkeka ukatundikwa nyuma ya kitanda, doa likiwa upande wa kichwani.

Jumapili tulirudi kwa njia ileile. Mvua ilitukuta alasiri, karibu na pale pa kwanza. Nilichagua mahali, maana hilo nalijua. Nikafunga vitambaa kwenye kamba. Mambo haya nimeyasema mbele ya watu mara moja, na sasa nimeyaandika, basi yatosha. Mjifunze hapo: usilegeze usichokijua, na aliyekuwa kimya msidhani hana neno.

Mwende alikuwa upande wa pili wa turubai, ameshika pembe yake. Mvua ilikwisha kuwafunika twiga.

"Vuta, Mama," akasema.

Nikavuta.