Sukari ya Mama na Nyumba ya Dada

Miaka ya themanini mama yangu aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Sisi watoto wake tukamkalisha kwenye mkeka, hapo nyumbani Isiolo mjini, tukamkataza kazi. Kwetu Waborana mzee mgonjwa huhudumiwa. Hata birika la kutawadhia tulimletea. Akitaka kusimama, mmoja wetu alikuwa ameshasimama kwa niaba yake. Tulijiona watoto wema kupindukia.

Mama akawa mzito, mkimya, mwenye hasira za bure. Kila tulipoenda kliniki, daktari alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu, na kila mara ile dawa iligeuka rangi ya tofali, ishara ya sukari nyingi. Niliogopa kwamba tutampoteza.

Ndipo dada yangu mdogo akapata mchumba Kinna. Kwetu nyumba ya bibi harusi hujengwa na wanawake, na mama yake ndiye huwaongoza. Tulimwambia mama kwamba safari hii shangazi zetu watajenga. Alituangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi mnanizika na mimi bado nimekaa hapa," alisema. "Mimi naenda Kinna."

Akaenda. Nikamfuata na vidonge vyake mkobani, roho juu juu. Wiki nzima alikata fito, akazikunja, akazifunga kwa kamba, akabeba nyasi, huku akiimba na wenzake na kuwacheka waliochoka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile tangu augue.

Siku hizi nasoma kwamba msuli ukifanya kazi hufyonza sukari iliyo damuni, tena humwaga homoni zake wenyewe, zikasafiri hadi kwenye ini, hadi kwenye ubongo, kupeleka habari njema. Nikisoma hayo nasikia zile nyimbo za Kinna. Wakati ule hatukujua lolote. Tuliona tu mama anatembea mbele yetu.

Tuliporudi kliniki, dawa ilichemka, ikageuka kijani, ikaishia hapo: sukari ilikuwa kidogo tu. Daktari aliiangalia vizuri kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, umeongeza dawa gani?"

"Nimejenga nyumba."

Daktari akacheka, akamwambia aendelee vivyo hivyo. Mama akanishika mkono, akanivuta hadi mbele ya meza ya daktari.

"Basi nisaidie," alimwambia. "Huyu bado hajaolewa."